Mtoto Anapolegea Mkono Kila Akilia

KUNA mtoto ambaye akilia sana mkono wake mmoja hulegea. Kalamu humponyoka, mdomo huenda upande, maneno humkwama, na baada ya dakika kumi au robo saa kila kitu hurejea kama kilivyokuwa. Kwa kuwa hurejea, watu wazima huharakisha hukumu: huyu anadeka, huyu ana upepo, huyu anakwepa kudurusu. Makala ya wiki hii inamhusu mtoto huyo, ndugu msomaji, kwani yamkini kinachomsibu ni maradhi yenye jina, yenye maelezo na yenye matibabu, na muda unaopotea katika kubishana ni muda ambao ubongo wake haupati damu ya kutosha.

Maradhi yenyewe huitwa moyamoya. Jina hili lilipofika katika kikao cha kamati ya msikiti wetu, ndani ya barua ya mzazi aliyeomba asaidiwe gharama za kipimo cha binti yake, mjumbe mmoja aliuliza: "Katibu, hii ni habari ya moyo au ya kichwa? Barua inasema kichwa, jina linasema moyo." Baadhi walicheka, kisha wakanyamaza, maana mwenye barua alikuwa amekaa mlangoni. Swali lenyewe lilikuwa la haki. Moyamoya haihusiani na moyo, wala si neno la Kiswahili. Ni la Kijapani, na maana yake ni kitu chenye ukungu, mfano wa moshi mwembamba unaoelea hewani.

Mwaka 1957 madaktari wawili wa Japani, Takeuchi na Shimizu, walieleza hali ya mishipa mikubwa ya damu ya ubongo kuwa myembamba kupita kiasi pande zote mbili. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1969, Jiro Suzuki na Akira Takaku wa Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, waliandika juu ya wagonjwa wa namna hiyo na kuyapa maradhi jina tunalolitumia leo. Walipoingiza dawa ya kuonyesha mishipa na kupiga picha, waliona chini ya ubongo wavu wa vijishipa vidogo visivyohesabika, na katika picha wavu ule ulionekana kama moshi uliopulizwa.

Ili kuufahamu moshi huo, tuanze na shingo. Ukiweka vidole pembeni mwa koo utausikia mshipa unaodunda. Uko mmoja kulia na mmoja kushoto, na kila mmoja hupeleka tawi lake ndani ya fuvu. Mingine miwili hupanda kwa nyuma kupitia mifupa ya uti wa shingo. Minne hii ndiyo inayoulisha ubongo, na ubongo ni mlaji mkubwa: uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia takriban asilimia 20 ya hewa ya oksijeni mwili unayoivuta. Katika moyamoya, ile miwili ya mbele huanza kuziba mahali inapogawanyika ndani ya fuvu. Haizibwi na mafuta kama tulivyozoea kusikia kwa watu wazima wenye kisukari au shinikizo la damu. Ukuta wa mshipa wenyewe hunenepa kwa ndani, polepole, mpaka njia inabaki nyembamba kama uzi.

Mwili haukai ukitazama. Bomba kuu la mtaa likiziba, majirani huvuta mipira midogo kutoka huku na huko ili wasikose maji, na ndivyo ubongo unavyofanya. Vijishipa vilivyokuwa vidogo sana hupanuka na kubeba mzigo ambao havikuumbiwa. Hivyo ndivyo ule moshi. Kwa hiyo moshi wenyewe si ugonjwa, ni juhudi ya mwili kujiokoa, na Suzuki alionyesha kwamba kadiri miaka inavyokwenda moshi huongezeka, kisha hupungua, na mwishoni hutoweka kabisa. Kutoweka kwake si kupona. Ni kwamba njia za ndani zimekwisha, na ubongo sasa unategemea mishipa ya nje ya fuvu, ile ya ngozi ya kichwa na ya utando unaoufunika ubongo.

Sasa turudi kwa mtoto anayelia. Alia mtoto kwa kwikwi, huvuta na kutoa pumzi kwa kasi, na hewa ya ukaa iliyomo katika damu yake hupungua. Hewa hiyo ikipungua, mishipa ya ubongo hujikunja. Kwa mtoto mzima hakuna tatizo, ana akiba. Mwenye moyamoya hana akiba. Mishipa yake midogo imekwisha kupanuka hadi mwisho wa uwezo wake, na ikijikunja kidogo tu, sehemu ya ubongo hukosa damu na kiungo kinachotawaliwa na sehemu hiyo hulegea. Akitulia na pumzi ikirejea katika utaratibu wake, damu hurudi na mkono hunyanyuka. Madaktari wa Japani waliyatambua haya kwa watoto waliolegea walipopuliza tambi za moto kabla ya kuzila, au walipojifunza kupuliza filimbi shuleni. Sisi hatuli tambi kwa namna hiyo, ila tunawaambia watoto wapulize uji upoe, wapulize jiko la mkaa liwake, na siku ya Idi tunawapa maputo wajaze kwa midomo yao.

Tatizo hilo la kupita, hata likidumu dakika tano tu, ni onyo la kiharusi. Siku moja huja lisilopita. Na hata kabla ya siku hiyo, baadhi ya watoto hupata vidonda vidogo vya ubongo visivyoonekana kwa nje, isipokuwa darasani: mtoto aliyekuwa anahifadhi vizuri huanza kusahau, anakuwa mzito, anashindwa kufuata maelekezo mawili kwa pamoja. Dalili nyingine ni kuumwa kichwa mara kwa mara, hususan asubuhi, degedege, na mara chache mkono au mguu kuchezacheza bila kukusudia.

Ni maradhi adimu, na lazima niseme hivyo waziwazi ili nisiwatie watu hofu kila mtoto anapoangusha kalamu. Yanajulikana zaidi Japani, Korea na China. Huko Ulaya idadi yake hukadiriwa kuwa kama sehemu moja ya kumi ya ile ya Japani. Huwapata wanawake takriban mara mbili zaidi ya wanaume, na yana vipindi viwili: utotoni, karibu na umri wa kuanza shule, na tena kati ya miaka 30 na 50. Nchini Japani takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi ana ndugu wa damu mwenye maradhi hayo hayo, na mwaka 2011 watafiti wa huko waliitambua jeni iitwayo RNF213 kuwa na uhusiano mkubwa nayo. Hata hivyo wengi wanaoibeba jeni hiyo yenye hitilafu hawaugui kamwe. Kinachoamua nani augue na nani asiugue, sayansi bado inakitafuta.

Msomaji atauliza: kama ni maradhi ya Mashariki ya mbali, kwa nini yaandikwe katika ukurasa wa familia huku kwetu? Jibu ni neno moja: selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoyaita. Chembe nyekundu za damu zinazojikunja mfano wa mundu huujeruhi ukuta wa mishipa mikubwa ya ubongo, mshipa hunenepa na kuziba, na picha inayopatikana mwishowe ni ile ile ya moshi. Hapo huwa si maradhi yanayosimama peke yake bali ni matokeo ya maradhi mengine. Hali ya namna hiyo huweza pia kuwapata watoto wenye ugonjwa wa Down na waliowahi kupigwa mionzi kichwani kwa matibabu ya uvimbe. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na idadi yao hukadiriwa kufikia 11,000 kwa mwaka. Mtoto wa selimundu kali asiyepimwa wala kutibiwa mapema ana uwezekano wa takriban mmoja kati ya kumi wa kupata kiharusi kabla ya kufikisha miaka 20. Hilo si jambo adimu hata kidogo. Karibu kila mtaa una nyumba yenye mtoto wa sikoseli, na wengi wetu tunadhani shida yake ni maumivu ya mifupa na upungufu wa damu, basi.

Binti wa yule mwenye barua ni mmoja wao. Ana miaka tisa. Baba yake alinieleza baada ya swala ya alasiri, tukiwa tumekaa ukumbini, kwamba mara ya kwanza ilitokea chuoni, mtoto alipopigwa fimbo mbili za mkono kwa kukosea somo. Alilia, kisha mkono wa kushoto ukaanguka pajani na asiweze kuunyanyua. Mwalimu alidhani anajifanya, akamuongeza ya tatu.

"Nyumbani bibi yake alisema hiki ni kitu kimemgusa," aliniambia. "Tukamsomea, Katibu. Wiki mbili tulimsomea, na kweli mkono ulirudi kila mara, tukasema alhamdulillahi, dawa imekubali."

"Na kila ulipolegea, mzee wangu, alikuwa anafanya nini?"

Alifikiri. "Alikuwa analia. Kila mara alikuwa analia."

Hakuna mtu katika kisa hiki aliyekusudia ubaya. Bibi aliogopa, mwalimu alifuata mazoea, baba aliona mkono umerudi akaamini kilichorudisha ni kile alichokifanya. Hapo ndipo ugumu wa maradhi haya ulipo: hujificha nyuma ya kupona kwake mwenyewe. Mimi simkatazi mtu kumsomea mwanawe Qur'ani, nani atakataza? Lakini kisomo hakimzuii mzazi kupanda bajaji. Mtu anaweza kusoma akiwa njiani kwenda hospitali, na tumefundishwa kutafuta dawa sambamba na kutawakali. Dalili za kiharusi zikitokea, iwe ni uso kwenda upande, mkono kulegea au maneno kukosa mpangilio, safari ni siku hiyo hiyo, hata kama mtoto amekwisha kuinuka na kuomba chai.

Nataja pia hijama, kwa kuwa inapendwa na wengi katika jumuiya yetu na mara nyingi hufanywa kichwani kwa ajili ya kuumwa kichwa. Nimeeleza hapo juu kwamba ubongo wa mgonjwa huyu unaweza kuwa unaishi kwa mishipa ya ngozi ya kichwa. Mmojawapo ni ule unaodunda mbele ya sikio, kwenye kipaji, na ndio huo huo daktari wa upasuaji atakaouhitaji. Wembe usipite hapo. Na mtoto wa selimundu, ambaye damu yake daima ni pungufu, asitolewe damu na mtu yeyote bila daktari wake kujua.

Kwa walimu wa madrasa nina neno refu kidogo, na naomba lisichukuliwe kuwa ni la kuwavunjia heshima, maana nami nilikaa juu ya jamvi hilo hilo. Ukimwona mtoto analegea akilia, usimwamuru asimame wala usimtikise. Mkalishe au mlaze, mtulize, mwongoze apumue taratibu, mpe maji kama anameza vizuri, tazama saa ili ujue imechukua muda gani, kisha mwite mzazi. Fimbo kwa mtoto wa selimundu iachwe kabisa. Najua wapo watakaosema kwamba tunalea vizazi legevu. Hoja hiyo ina mahali pake pa kujadiliwa, lakini si juu ya mtoto ambaye kilio chake kinaweza kumpooza. Tena mtoto huyu anywe maji mara kwa mara darasani. Damu ikikosa maji huwa nzito, na damu nzito haipiti katika vijishipa vyembamba.

Hapo linakuja suala la saumu. Mtoto asiyebaleghe hajawajibikiwa kufunga, hilo linajulikana, lakini mitaani tuna mashindano ya watoto: nani amefunga nusu siku, nani amefikisha kumi. Mtoto wa selimundu au mwenye moyamoya asiingizwe katika mashindano hayo, wala asionewe haya mezani. Na aliyebaleghe, mgonjwa ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine. Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kuondoka hutoa fidia kwa kulisha maskini. Ruhusa hii si unyonge. Mwenye kujua hali ya mishipa yake ni daktari wake, na kabla ya Ramadhani aulizwe yeye kwanza, kisha sheikh aulizwe juu ya hukumu.

Kuhusu vipimo: mtoto wa selimundu, tangu akiwa na miaka miwili, anafaa kupimwa kasi ya damu ya ubongo kwa mashine ya mawimbi ya sauti, inayofanana na ile ya wajawazito. Huwekwa pembeni mwa paji la uso, haiumizi, haina sindano. Mshipa uliobana hupitisha damu kwa kasi kubwa, kama maji katika mpira uliobanwa kwa kidole. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 1998 uliwachukua watoto 130 wenye selimundu na kasi kubwa ya namna hiyo. Kati ya 67 walioendelea na matibabu ya kawaida, 11 walipata kiharusi. Kati ya 63 waliokuwa wakiongezewa damu kwa utaratibu, alipata mmoja tu. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwani haikufaa tena kuwanyima kundi la kwanza. Kwetu damu ni adimu, na hapo ndipo dawa ya kumeza iitwayo haidroksiurea ilipoleta faraja. Hospitali ya Bugando mjini Mwanza imeshiriki utafiti wa kuwapima watoto kwa mashine hiyo na kuwapa dawa hii, na kasi ya damu kwa waliokuwa hatarini ikashuka. Dawa hii hutumiwa kwa kupimwa damu mara kwa mara. Si ya kununua dukani na kujigawia.

Kuthibitisha moyamoya yenyewe kunahitaji picha ya MRI ya kichwa na mishipa yake, na pengine picha ya kuingiza dawa ndani ya mshipa. Ndicho kipimo kilicholetwa katika barua ile, na kamati ilichangia sehemu, waumini wakachangia iliyobaki baada ya Ijumaa mbili.

Hakuna dawa ya kuifungua mishipa iliyokwisha kuziba. Kinachofanyika ni kuutafutia ubongo njia nyingine. Mwaka 1967, mjini Zürich, daktari mzaliwa wa Uturuki, Mahmut Gazi Yaşargil, aliuunganisha mshipa wa ngozi ya kichwa na mshipa wa juu ya ubongo, akitazama kwa hadubini na kushona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Njia ya pili, ambayo hutumika sana kwa watoto, ni kuutandaza ule mshipa wa kipaji juu ya ubongo na kuuacha hapo. Kwa miezi kadhaa ubongo wenye kiu huota mishipa mipya kutoka kwake. Mara nyingi matokeo kwa watoto ni mazuri, na wanaonufaika zaidi ni wale waliofikishwa kabla ya kiharusi kikubwa.

Kwa watu wazima sura hubadilika. Vijishipa vilivyobeba mzigo kwa miaka mingi huweza kupasuka na kuvujia ndani ya ubongo: kichwa kuuma ghafla kwa namna ambayo mtu hajawahi kuijua, kutapika, kuzimia. Nchini Japani walifuatiliwa watu wazima 80 waliowahi kuvuja damu kwa maradhi haya, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Kati ya 42 waliopasuliwa na kuunganishiwa mshipa pande zote mbili, 5 walivuja tena. Kati ya 38 ambao hawakupasuliwa, walivuja tena 12. Mama mjamzito anayejua ana moyamoya amweleze mkunga na daktari mapema, asisubiri uchungu umshike, kwani pumzi za uchungu nazo ni za kasi.

Vijana wanaoleta posa hapa msikitini nawauliza siku hizi kama wamepima selimundu. Wengine hushangaa, wengine wakwe hukasirika. Mtu mwenye kubeba nusu ya maradhi haumwi chochote na anaweza kuishi hadi uzee asijue. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa mmoja kati ya wanne wa kuzaa mtoto mgonjwa. Kipimo hakiharamishi ndoa. Kinawapa wenyewe nafasi ya kujua kabla ya mahari, na kama wataendelea, wajue kwamba mtoto wao apimwe tangu kuzaliwa.

Mzazi anayemshuku mwanawe basi afanye hivi. Likitokea, amrekodi kwa simu, uso na mikono yote miwili, hata kwa sekunde ishirini, kwani daktari atakapomwona mtoto atakuwa mzima kabisa. Aandike tarehe, saa, upande uliolegea, dakika ngapi, na mtoto alikuwa anafanya nini kabla yake: analia, anakimbia, anapuliza, amefunga. Kama ana selimundu, aulize kliniki yake wazi: "Mwanangu amepimwa kasi ya damu ya kichwa?" Wakisema kipimo hakipo hapo, aulize kipo wapi, na aombe barua ya rufaa mkononi kabla ya kuondoka.